Mstari Mmoja Ng'oa, Mstari Mmoja Acha

Benchi ya avenue ya saba, Bwiza, mjini Bujumbura, ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ukiegemea ukuta wa duka la misumari la Hamoud. Wenyewe waliita mahali hapo Komisiyo, kwa sababu miaka ile kila jambo lililoshindikana nchini liliundiwa komisheni, na hapakuwa na jambo lililoshindikana ambalo benchi ile haikuligusa. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2003. Mvua haijaanza. Milio ya bunduki iliyotikisa mji mwezi wa saba ilikuwa imerudi milimani, na Mwanne, mama mchuuzi, alikuwa amerudisha birika lake la kahawa ya tangawizi kwenye kona. Birika lilikuwa moja kwa siku, likiisha, limeisha. Asubuhi ya Alhamisi hiyo waliketi wanaume wanne, na katikati yao karatasi moja.

Karatasi ilikuwa ya Byamungu, fundi viatu. Alivuka kutoka Uvira na sindano zake mfukoni wakati wa vita ya kwanza ya Kongo, akapata kona yake Bwiza, na watu wakamzoea kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Papa Prodige. Viatu vilimpa chumvi na sabuni. Chakula kilitoka shambani, na shamba lilikuwa la mkewe, Lisette: kipande cha kukodi karibu na Gatumba, mistari ishirini na miwili ya muhogo wa miezi saba. Ukiachiwa miezi mitano mingine, ungelisha watoto sita mpaka mwaka unaofuata.

Jumatatu alipita huko monita wa kilimo, mshauri wa wakulima, kwa pikipiki. Aligawa karatasi na kusema mambo matatu. Muhogo umeingiwa na ugonjwa uitwao mozaiki. Mwenye muhogo unaougua aung'oe, auchome moto. Na Jumamosi, pale komini, kwenye ofisi ya serikali, itagawiwa miti mipya ya kupanda, safi, iliyotoka kwa watafiti, ila ni kwa wale tu watakaokuwa wameng'oa. Aliyasema yote bila kuzima injini, maana barabara ilifungwa saa kumi jioni na yeye alikuwa na vijiji vinne mbele yake.

Lisette alibaki kule kwa dada yake, jembe mlangoni. Karatasi alimpa mumewe. Wewe uko mjini, alimwambia, kwenye watu waliosoma. Uliza, kisha unitumie neno: ning'oe au niache. Neno lingebebwa na Vainqueur, mwenye baiskeli ya mizigo, ambaye kila Alhamisi saa nne alipita mbele ya benchi akielekea Gatumba. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

Kwenye karatasi palikuwa na picha mbili za jani la muhogo. La kushoto lilikuwa na alama ya vema chini yake. La kulia lilikuwa na msalaba. Chini ya yote, mistari sita ya Kifaransa. Byamungu alikuwa ameitazama tangu Jumatatu, juani na kivulini. Jani la kushoto lilikuwa la kijivu. Jani la kulia lilikuwa la kijivu.

— Hii ni jani moja, alisema. Wamelipiga picha mara mbili.

Hamoud aliivuta karatasi. Babu yake alikuja Bujumbura kutoka Omani na kasha la misumari, na misumari hiyo, kwa namna fulani, ilikuwa haijaisha. Benchi ilimwita Waziri kwa sababu hakuwahi kusema hajui. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akafika kwenye neno klorozi, akalisoma mara mbili kama mtu anayepiga hodi.

— Na klorozi ni nini, Waziri? aliuliza Byamungu.

— Ni kitu cha majani.

— Kitu gani?

— Papa Prodige, mi nimekusomea. Sasa unataka nikulimie pia?

Wa tatu kwenye benchi alikuwa Adolphe, aliyeitwa Redio. Kweli alikuwa nayo redio, ya betri, na betri alizianika juani kila mchana ili zipate nguvu ya kesho. Kwa ajili ya kuzitunza aliifungua alfajiri kwa habari tu, halafu akaizima. Kipindi cha kilimo kilifuata baada ya habari, kwa hiyo kila siku Adolphe alisikia mwanzo wake kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Kwa njia hiyo alijua magonjwa yote ya mimea, na hakujua dawa hata moja.

Mozaiki alikuwa ameisikia. Alieleza kwamba kuna nzi wadogo, weupe, wanaokaa chini ya jani, wananyonya shina linaloumwa kisha wanaruka na kwenda kunyonya lisiloumwa. Hayo yalikuwa ya redio. Hapo ndipo alipoizima, na kuanzia hapo aliendelea mwenyewe.

— Nzi wa hapa ni mweusi, alisema. Nani kati yenu alishaona nzi mweupe mu Bwiza?

Hakuna aliyekuwa amemwona.

— Basi ameletwa. Na mi najua njia. Ile ndege ya msaada, ya kuleta unga. Unga ni mweupe. Nzi mweupe akiingia mu unga, nani atamuona? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Gunia ndiyo nguo ya unga.

Mwanne alikuwa anamimina. Alisema, bila kuinua macho, kwamba nzi huyo yupo siku zote. Ukikung'uta fungu la sombe sokoni asubuhi, anaruka kama vumbi. Sombe ilikuwa majani hayohayo ya muhogo, yaliyotwangwa na kupikwa, na Mwanne aliyanunua kila siku ya Mungu.

— Munasikia? alisema Adolphe. Amefika mpaka sokoni.

Kisha akamgeukia Byamungu na kumuuliza, kwa upole ambao haukumfaa, kama watoto walikuwa wamekula sombe ya shamba lile. Byamungu alisema walikula Jumapili. Wote sita, na Prodige aliongeza sahani. Adolphe alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha.

— Adolphe, redio ilisema sombe hiyo iko na sumu? aliuliza Byamungu.

— Haikusema haina.

Byamungu aliweka kikombe chini. Alijaribu kukumbuka kama tangu Jumapili kuna mtoto aliyelalamika tumbo. Yule wa nne alilalamika, lakini wa nne alilalamika tumbo kila siku ya shule. Mwanne alisema yeye amekula sombe miaka hamsini na tano na anayetaka kumzika atangulie yeye. Lakini Mwanne alikuwa upande wa birika, na yaliyosemwa upande wa birika hayakuingia kwenye hesabu za Komisiyo.

Hamoud alivua miwani. Alipovua miwani alikuwa anataka kusema jambo la siasa, na sauti yake ilishuka. Alitazama juu na chini ya avenue. Palikuwa na mwanamke anakaanga mandazi na basi dogo lililoharibika.

Alisema waiache ndege. Waangalie barabara. Mwaka jana, amri ilikuwa nini? Kila mmea unaopita kiuno, mita mia kutoka barabarani, ukatwe, asije mtu akajificha ndani. Muhogo, mtama, migomba, vyote.

Byamungu hakuhitaji kukumbushwa. Shamba la kwanza la Lisette lilikuwa kando ya barabara. Walilikata wenyewe kwa panga lao, mume na mke, siku mbili, kwa sababu wangesubiri askari walikate, askari wangechukua na mizizi. Mizizi ilikuwa bado myembamba kama vidole. Waliila hivyohivyo.

— Mwaka jana walikuja na bunduki, mukakata mukilia, alisema Hamoud. Mwaka huu wamekuja na karatasi. Mutakata mukishukuru.

Byamungu alitambua kwamba wazo hilo halikuwa geni kwake. Lilikuwa limekaa ndani yake tangu Jumatatu, na hakumwambia Lisette. Shamba la sasa lilikuwa mbali na barabara. Walilichagua kwa sababu hiyo. Je, kama barabara imekuja kulitafuta? Lakini monita yule hakuwa na bunduki. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na jasho. Aliwahi kukaa nao kivulini, kabla vita haijamfanya awe mtu wa kupita, akamfundisha Lisette kupanda shina kwa kulaza badala ya kusimamisha, na muhogo ukawa mnene kweli.

— Ule monita si mutu mubaya, alisema.

— Nani amesema mubaya? Hata yeye amepewa karatasi tu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Ule anaenda mbio, Waziri. Hata injini hakuzima.

— Basi ndiye mla sana.

Sasa Atumani, wa nne kwenye benchi, akakohoa. Alikuwa mkubwa wao kwa umri na alikuwa ameshikilia ukingo wa karatasi muda wote, akiipapasa kwa kidole gumba. Ujanani aliendesha mashine ya stensili ya wamisionari, na jina la Stensili likamfuata mpaka alipohamia kwenye chumba cha fotokopi karibu na soko, ambako aliendesha mashine ya mtu mwingine. Alisema, kama mtu anayemtambulisha mwanawe, kwamba karatasi hii ni kazi yake. Ijumaa watu wa kilimo walimletea moja, wakataka nakala mia nne. Umeme ulikatika mara tatu. Alizimaliza.

— Ile waliyoleta ilikuwa na rangi, alisema. Nzuri sana.

Wote watatu walimgeukia. Hata Mwanne alishusha birika.

— Rangi gani, mzee Atumani? aliuliza Byamungu.

— Rangi za picha.

— Hili la kulia. Hili la msalaba. Lilikuwa na rangi gani?

Atumani alifumba macho. Ilionekana kwamba anatafuta kwa uaminifu. Alikumbuka karatasi ilikuwa nzito, ya kuteleza. Alikumbuka pambizo la upana wa kidole. Kijani alikikumbuka, lakini alikiri kwamba kila jani ni kijani, huenda anakumbuka majani kwa jumla. Njano, labda. Au lilikuwa jua la dirishani.

— Mi naangalia kama karatasi imenyooka, alisema. Ikipinda, mashine inaimeza.

Byamungu aliichukua karatasi, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

— Na huku nyuma kulikuwa na kitu?

— Kulikuwa na Kirundi.

— Kirundi gani?

— Maneno yaleyale, kwa Kirundi. Wino ulikuwa unaisha, nikaona upande mumoja unatosha.

— Uliyasoma, ukajua ni yaleyale?

— Kama ni yaleyale, niyasome ya nini?

Hamoud alicheka, na kicheko kikamfanya afute miwani. Atumani hakucheka. Alisema mji mzima umekaa ukizililia risasi za mwezi wa saba, na yeye peke yake amesimama mbele ya mashine akichapa elimu, na leo anahojiwa kama mwizi. Asiyeshukuru kwa kidogo, alisema, hufa maji. Byamungu aliomba msamaha, maana Atumani alikuwa na umri wa baba yake. Kisha akauliza iko wapi ile ya rangi. Iliondoka na monita, ndani ya mfuko wa pikipiki. Na monita? Bubanza, au njia ya Bubanza, au popote ambako njia ya Bubanza ilikuwa imemwachia.

Ilikuwa saa tatu imepita. Hamoud alimtaka Byamungu asahau karatasi na aeleze shamba lenyewe likoje, na benchi ikashangaa kidogo kwamba swali hilo lilikuwa halijaulizwa.

Byamungu alieleza alivyoweza. Yeye alijua ngozi. Majani aliyajua kwa macho ya mgeni. Kuna mashina ambayo majani yamekuwa madogo, yamejikunja kama sikio la mbuzi, na yana mabaka ya njano kati ya mishipa. Lakini kiangazi hiki, nani hana mabaka? Lisette alisema ni kiu tu, mvua ikija yatanyooka. Na hayakai pamoja. Hapa shina limejikunja, lile linalofuata limenyooka, la tatu limejikunja nusu.

Alipomaliza, kila mmoja alikuwa amesikia alichotaka. Adolphe alisema nzi huyo, Lisette ang'oe yote leo, achome, anawe mikono kwa sabuni, na majivu yafukiwe. Hamoud alisema asiguse hata jani. Mtu haondoi chakula cha wanawe kwa sababu ya fotokopi. Adolphe alisema asipong'oa, Jumamosi hatapata miti mipya, na mwakani hatakuwa na cha zamani wala kipya. Hamoud alisema akiking'oa, hiyo miti mipya italiwa baada ya mwaka, na watoto wanakula kila siku. Wote wawili walisema haraka haraka haina baraka, mmoja akimaanisha ang'oe, mwingine akimaanisha aache.

Byamungu aliwasikiliza akihama. Adolphe akisema, alikuwa wa Adolphe. Hamoud akisema, alikuwa wa Hamoud. Alitamani mmoja wao awe mjinga zaidi, ili amwache.

Aliyewaokoa alikuwa Atumani. Labda alitaka kurudisha heshima yake. Alisema, polepole, kwamba nchi hii imekuwa na ugomvi mkubwa kuliko wa muhogo, na umepatiwa dawa. Mapatano ya Arusha, nani aliyapigia nakala, upande huu wa mji? Yeye. Kurasa zaidi ya mia, mara thelathini.

— Na hiyo pia hukusoma, alisema Hamoud.

— Sikusoma, lakini nilielewa. Nusu kwa hawa, nusu kwa wale. Miezi kumi na nane rais huyu, miezi kumi na nane yule. Nani amefukuzwa? Hakuna.

Alichukua kijiti, akachora mistari vumbini.

— Mustari mumoja ng'oa. Mustari mumoja acha. Mu ile mistari mitupu, Jumamosi, unapanda miti mipya. Ya zamani inalisha watoto. Ikifika miezi kumi na nane, unabadilisha.

Benchi ikasisimka. Adolphe alihesabu: ishirini na miwili, kumi na moja kwa kumi na moja, hakuna hata mustari wa ugomvi. Hamoud alitafuta kasoro na hakuiona. Monita akija, ataona umeng'oa. Askari akija, ataona umepunguza. Watoto wakija, watakula. Adolphe akaongeza kwamba ile miti safi ikikaa kati ya ile inayougua itaitia nguvu, kama muuguzi kati ya wagonjwa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Wahenga walikuwa wakulima.

Byamungu aliuliza nani ana kalamu. Kulikuwa na kitu kilichomsumbua katika mistari ile ya vumbini, iliyonyooka sana, lakini hakukitafuta. Alikuwa amechoka kutojua.

— Arusha watu walisaini, alisema Mwanne. Huu ugonjwa, nani ameusainisha?

— Dada Mwanne, alijibu Atumani, hata Arusha si wote walisaini. Na tunaendelea.

Hamoud alileta kalamu kutoka dukani, karatasi ikageuzwa, na ule upande mweupe, uliokuwa wa Kirundi, ukaandikwa kwa herufi kubwa neno la Komisiyo kwenda kwa Lisette. Adolphe alitaka waongeze nzi. Hamoud alitaka waandike kwamba Jumamosi asiende peke yake. Walikubaliana kuacha nafasi. Mwanamke wa mandazi, ambaye naye alikuwa na mistari michache huko uwandani, alisogea kusoma, akauliza kama na yeye anaweza kupata.

— Naweza kuwatolea nakala, alisema Atumani. Upande huu tu.

Saa nne kasoro kidogo Vainqueur alisimamisha baiskeli yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, goti moja limefungwa kitambaa, nyuma yake gunia la chumvi na nafasi ya kitu kimoja kidogo. Mwanne alimpa kikombe, akainamisha birika mpaka tone la mwisho, kisha akalipindua juu ya jiko. Kahawa ilikuwa imeisha.

Barua Vainqueur hakubeba. Kwenye kizuizi cha barabara karatasi ilisomwa na kila askari, na kila askari aliisoma kivyake. Mwaka mmoja barua ya mahari ilimlaza ndani siku tatu. Alibeba maneno kwa kichwa. Na kwa kuwa alishatukanwa mara nyingi kwa kufikisha neno nusu, alikuwa na utaratibu: alilirudia neno mbele ya mwenye kulituma, halafu akauliza yale ambayo anayelipokea angeuliza, ili awe na majibu tayari.

Byamungu alimsomea. Vainqueur alirudia:

— Mustari mumoja ng'oa, mustari mumoja acha. Jumamosi panda mipya mu mistari mitupu. Miezi kumi na nane, badilisha.

— Hivyohivyo, alisema Atumani.

— Sawa. Sasa mimi ni Mama Prodige. Naingia mu shamba na jembe. Ile mistari ya kung'oa ndiyo yenye ugonjwa?

Hamoud alimtazama Adolphe. Adolphe alimtazama Atumani. Atumani alitazama karatasi, akahakikisha kwamba imenyooka.

— Nauliza kwa sababu ataniuliza, alisema Vainqueur. Ugonjwa uko mistari gani?

Byamungu aliliona shamba. Aliliona vizuri kuliko asubuhi yote: hapa shina limejikunja, lile linalofuata limenyooka, la tatu limejikunja nusu, na mistari kumi na mmoja ya kuacha ilikuwa na masikio ya mbuzi sawa na ile kumi na mmoja ya kung'oa. Katikati yake, miti safi ya Jumamosi. Na chini ya kila jani, kama redio ilisema kweli, kitu kidogo cheupe kinachojua kuruka.

— Iko mu mistari yote, alisema. Na haiko mu mistari yote.

Vainqueur alirudisha kikombe.

— Hiyo siwezi kubeba, Papa Prodige. Hiyo si neno.

Hamoud alianza kusema kwamba kwa upande mmoja. Adolphe alianza kusema kwamba kwa upande mwingine. Atumani alisema mapatano yote yana matatizo ya utekelezaji, hilo linajulikana. Byamungu aliwasikia kama watu walio ng'ambo ya mto. Alifunga sindano na uzi wake ndani ya kipande cha ngozi, akampa Mwanne ashike viatu vya watu mpaka kesho, akaiacha karatasi pale benchini na kwenda kukaa kwenye baiskeli, nyuma ya gunia la chumvi.

— Unakuja mwenyewe?

— Nakuja.

— Basi mi sina cha kubeba, alisema Vainqueur, na alionekana kupata nafuu. Alisukuma baiskeli hatua tatu, akarusha mguu, goti likalia, wakaondoka.

Nyuma yao Adolphe alikuwa ameshaanza kueleza kwa nini ishirini na miwili ilikuwa idadi mbaya. Mwanamke wa mandazi alikuwa anasoma karatasi. Walipita avenue ya sita, ya tano, basi dogo lingine lililoharibika. Kwenye mteremko, bila kugeuza kichwa, Vainqueur aliuliza:

— Sasa utamwambia nini?

Byamungu alishika gunia la chumvi kwa mikono miwili. Mpaka Gatumba zilikuwa zimebaki kilomita kumi na tano. Alizifikiria moja moja, akaona hazitoshi.